Anayeamua Ndiye Anayeumia

Kwenye kompyuta yangu kuna programu yenye mistari ipatayo mia nne na mtumiaji mmoja tu, ambaye ni mimi. Kazi yake ni kupanga picha. Inafungua kila faili, inasoma tarehe ambayo kamera iliandika ndani yake, kisha inalipeleka kwenye folda ya mwaka na mwezi wake. Niliiandika kwa jioni tatu, na nimeendelea kuirekebisha kwa miaka kumi na moja. Kati ya kazi zote nilizolipwa, hakuna iliyonifundisha ufundi kama hii ambayo hakuna aliyenituma kuifanya.

Miezi michache baada ya kuanza kuitumia nilikuta folda ambayo sikuitegemea: mwaka 1970, mwezi wa kwanza. Ndani yake mlikuwa na picha mia mbili na ushee, zote eti zimepigwa tarehe 1 Januari 1970. Mlikuwa na harusi ya dada yangu, watoto wa kaka yangu siku yao ya kwanza ya shule, na picha nne za mwisho za babu, amekaa kwenye kiti chake, mkono mmoja umeshika mkongojo.

Kwa asiye wa fani hii, kisa ni hiki. Kompyuta nyingi, hasa zile zilizorithi desturi za Unix, mfumo endeshi wa zamani, huhesabu wakati kwa sekunde zilizopita tangu saa sita kamili usiku wa kuamkia tarehe 1 Januari 1970, kwa saa za UTC, yaani saa za kimataifa. Sekunde ya sifuri ni usiku huo. Picha zangu zile zilikuwa zimepitia programu za kutumiana ujumbe, ambazo nyingi hufuta taarifa zilizomo ndani ya picha kabla ya kuituma, kwa hiyo zilifika kwangu bila tarehe. Programu ilipokuta mahali pa tarehe ni patupu ilichukua sifuri, na sifuri ikasomeka kuwa mwaka mpya wa 1970. (Anayeishi magharibi ya Greenwich angekuta kosa lilelile limejificha kwenye Desemba 1969.)

Hapo ndipo nilipoelewa kwa mara ya kwanza, kwa kuumia na si kwa kusoma, kwamba "sijui" na "sifuri" ni vitu viwili. Fani yetu imevichanganya tangu zamani. Mwaka 1965 Tony Hoare, mwanasayansi wa kompyuta, akiwa anabuni lugha ya kuandikia programu iitwayo ALGOL W, aliingiza rejeleo tupu, yaani kiashiria kisichoelekeza kokote, kwa sababu kukiweka kulikuwa rahisi mno. Mwaka 2009 alisimama mbele ya hadhira akakiita kosa lake la dola bilioni moja. Utupu wa namna hiyo unaingia popote bila kupiga hodi, na programu inayoupokea haina njia ya kusema haukutarajiwa.

Dawa ya kosa langu ilikuwa mistari sita: kama tarehe haipo, picha iende kwenye folda inayoitwa "haijulikani". Kazi yenyewe ilikuja baadaye. Nilikaa na mama jioni kadhaa, tukifungua picha moja baada ya nyingine. Nyingine alizitambua kwa pazia la sebuleni, nyingine kwa jino lililomng'oka mtoto. Picha za babu tulizipa mwaka kwa sababu ya ule mkongojo. Alianza kuutumia baada ya kuanguka, na mama aliikumbuka siku ya kuanguka.

Nimewahi pia kufanya kazi mahali ambako kosa la ukoo huohuo lilikaa kwenye mfumo wa kumbukumbu za watu. Aliyesajiliwa bila tarehe ya kuzaliwa alipewa 1 Januari 1900, na kila ripoti ilionyesha umati wa watu waliopita miaka mia moja. Sote tulijua. Kosa lilikuwa na namba yake kwenye orodha ya kazi, kila mwezi namba hiyo ilisogezwa mwezi unaofuata, na siku niliyoaga ilikuwa bado ipo. Wenzangu hawakuwa wavivu, na aliyepanga ratiba hakuwa mtu mbaya. Ila hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kusimama dirishani akaambiwa hawezi kuhudumiwa kwa sababu mfumo unasema umri wake haukubaliki. Alikuwapo aliyeamua na alikuwapo aliyeumia, na hawakujuana.

Huo utengano, kwa maoni yangu, ndio ugonjwa mkubwa wa kazi ya programu ilivyo leo, na mradi binafsi ni mahali pachache palipobaki ambapo haupo. Ninachokiamua Jumatatu kinaniudhi mimi mwenyewe Jumanne. Wazee walisema mganga hajigangi. Mwandishi wa programu anayejiandikia chombo chake anajiganga, na dozi anaionja yeye kwanza.

Tazama kisa cha Donald Knuth, profesa wa sayansi ya kompyuta. Mwaka 1977 alipokea kurasa za majaribio za toleo jipya la juzuu ya pili ya kitabu chake kikubwa cha upangaji programu. Mchapishaji alikuwa ameacha kupanga herufi za risasi na kuhamia mitambo mipya, na herufi zilitoka mbaya kiasi cha kumvunja moyo. Profesa mwingine angeandika barua ya malalamiko. Yeye aliweka kitabu kando akaanza kuandika programu ya kupanga kurasa, akidhani ataimaliza katika mwaka mmoja hivi. Ilimchukua karibu muongo mzima. Matokeo yake ni TeX, ambayo mpaka leo ndiyo inayopanga sehemu kubwa ya maandishi ya hisabati duniani. Kwa kosa lililomo kwenye kitabu chake humlipa anayekuwa wa kwanza kuligundua dola 2.56, na kwa kosa lililomo ndani ya TeX zawadi iliongezeka maradufu mwaka hata mwaka mpaka ikasimama kwenye dola 327.68.

Kinachonigusa zaidi kwenye TeX ni kwamba imekwisha. Kila Knuth anaporekebisha kosa, toleo linaongezewa tarakimu moja ya namba pai. Sasa ni 3.141592653. Ameagiza kwamba akifa, namba ya toleo iwe pai yenyewe, na kosa lolote litakalokuwa limebaki lihesabiwe kuwa sehemu ya programu. Ni programu ngapi unazozitumia ambazo mtu anaweza kusimama akasema zimekwisha? Kusema hivyo kunahitaji mtu anayejua haja ilikuwa nini, na aliyeijua haja hiyo alikuwa ndiye mwenye kuiandika. Programu inayoongozwa na mauzo ya robo mwaka haina mtu wa kuisema amina.

Mfano wangu wa pili hautajwi sana, na ningependa ujulikane zaidi. Katika miaka ya 1980, kwenye chuo cha ETH Zürich, Niklaus Wirth na Jürg Gutknecht walijenga Oberon: lugha, kompaila (programu inayoigeuza lugha hiyo kuwa ya mashine) na mfumo endeshi mzima, kazi ya watu wawili kwa sehemu kubwa. Walitaka mfumo ambao mtu mmoja anaweza kuusoma wote akauelewa. Uliendeshwa kwenye kompyuta waliyoitengeneza hapohapo chuoni, Ceres, yenye prosesa ya NS32032. Miaka ikapita na prosesa hiyo ikatoweka sokoni. Wirth, ambaye alishapewa Tuzo ya Turing, tuzo kubwa kabisa ya fani hii, mwaka 1984 na hakuwa na deni kwa mtu yeyote, akabuni prosesa yake mwenyewe, ndogo, ya kuwekwa kwenye chipu inayoweza kupangwa upya, kisha akauandika upya mfumo na kuutoa mwaka 2013. Alikuwa na umri wa miaka 79. Mwaka 1995 alikuwa amelalamika kwamba programu zinazidi kuwa nzito kwa haraka kuliko mashine zinavyozidi kuwa za kasi, na wengi waliukubali mstari huo wakaendelea na shughuli zao. Yeye aliurudia ukweli wake kwa mikono. Alifariki tarehe 1 Januari 2024.

Nikirudi kwangu: mwaka wa tano wa programu yangu niliamua kuiandika upya. Nilitaka iwe na dirisha zuri, vitufe, picha ndogondogo zinazoteleza kwenye skrini. Nilitaka watu waione. Nikachukua maktaba moja maarufu, yaani fungu la msimbo (maandishi ya programu) lililoandikwa na wengine, nayo ikavuta nyingine kumi, nazo zikavuta nyingine, mpaka msimbo wa kuazima ukawa mwingi kuliko wangu mara mamia. Ilipendeza, sikatai. Mwaka mmoja na miezi kadhaa baadaye nilinunua kompyuta mpya na programu ikagoma kuwaka. Maktaba moja ilidai toleo la zamani la nyingine, hiyo ya zamani ilidai kompaila ambayo mfumo mpya hauna, na ujumbe wa kosa ulijaza skrini tatu bila kutaja hata mstari mmoja nilioandika mimi. Nilipigana nayo jioni tatu, muda uleule nilioutumia kuandika programu nzima ya kwanza. Usiku wa tatu nikafungua nakala ya zamani, ile ya mistari mia nne. Ikafanya kazi mara moja, kana kwamba nilikuwa nimeifunga jana yake. Nguo ya kuazima haisitiri maungo.

Kuna kitu kidogo ndani yake ambacho napenda kuwaonyesha vijana. Kompyuta hupanga majina herufi kwa herufi, kwa hiyo "picha10" huja kabla ya "picha2", kwa sababu 1 huja kabla ya 2 na kompyuta haijali kinachofuata. Dawa ni kujaza sifuri upande wa kushoto, 002 kisha 010, na mpango unanyooka. Kwenye programu yangu ya zamani hiyo ni kazi ya mstari mmoja. Kwenye ile mpya nilikuwa nimeiazima.

Wa fani hii wameshajua ninakoelekea. Tarehe 22 Machi 2016 mtu mmoja, baada ya mgogoro kuhusu jina la kifurushi chake kingine, aliondoa vifurushi vyake vyote kutoka npm, ghala ambako waandishi wa programu huazima msimbo wa wenzao. Kimojawapo kiliitwa left-pad. Kilikuwa na mistari 11, na kazi yake ilikuwa ileile ya kujaza upande wa kushoto. Miradi maelfu ikashindwa kujengwa, pamoja na iliyotegemea zana mashuhuri za Babel na React, na ghala likalazimika kukirudisha ndani ya saa chache. Wengi waliwacheka waandishi wa programu wa siku hizi kwamba hawawezi kuandika mistari 11. Naona walikosea shabaha. Wanaweza kabisa. Tatizo ni kwamba kuazima hakugharimu kitu siku ya kuamua, na gharama yake humwangukia mtu mwingine siku nyingine. Mimi nilikuwa mtu huyo mwingine wa nafsi yangu, na ndiyo maana nimejifunza. Aliyeazima kazini akahamia kampuni nyingine hajui mpaka leo.

Sasa mazingira yenyewe ya mradi binafsi yamebadilika, na hili linanisikitisha. Umekuwa kadi ya kuombea kazi. Waajiri wanataka kuona "unafanya nini nje ya saa za kazi", swali ambalo linamwadhibu mama mwenye mtoto mchanga na kijana anayemuuguza baba yake, na linampa alama mwenye jioni tupu. GitHub, tovuti ambako watu huweka msimbo wao, ina kalenda ya viboksi vya kijani, kila siku uliyoweka msimbo inakolezwa rangi. Kwa muda ilionyesha hata idadi ya siku mfululizo ambazo hujakosa, na iliiondoa hesabu hiyo mwaka 2016. Kuna watu waliojitengenezea skripti za kujaza viboksi hivyo bila kuandika chochote cha maana. Siwalaumu sana. Anayepimwa kwa rangi atapaka rangi. Lakini mara mradi wako unapokuwa wa kutazamwa, mtazamaji ndiye anayeamua, na ule umoja wa mwamuzi na mwathirika, ulioufanya uwe shule, umeondoka. Programu yangu yenye dirisha zuri ilikufa kwa ugonjwa huohuo. Niliiandikia macho ya watu ambao hawakuwa na picha za kupanga.

Upande wa pili wa jambo hili ni mzito zaidi: mradi binafsi unaofanikiwa mno. Mwezi Machi 2024 Andres Freund, mmoja wa waandishi wa hifadhidata ya PostgreSQL, alikuwa akipima kasi ya kazi yake na akaona kuingia kwenye mashine kwa SSH, njia ya kuiendesha kompyuta iliyo mbali, kunachelewa kwa takriban nusu sekunde na kula nguvu nyingi za prosesa. Nusu sekunde. Wengine tungeulaumu mtandao tukaendelea. Yeye ilimkera, akaifuata, akakuta mlango wa siri uliopandikizwa kwenye xz, maktaba ya kubana mafaili ambayo imo karibu kila mahali penye mfumo endeshi wa Linux. Mlango huo ulikuwa umewekwa na mtu aliyejijengea uaminifu kwa zaidi ya miaka miwili, akijiita Jia Tan. Alipataje nafasi? Maktaba ile ilikuwa mikononi mwa mtu mmoja anayeitunza bila malipo, na kwa miezi akaunti zisizojulikana zilimwandikia kumshutumu kwamba anachelewa. Mwaka 2022 aliwakumbusha kwamba huu ni mradi wa kujifurahisha ambao halipwi. Hawakumsikia, na hawakukusudia kumsikia. Msaidizi mwenye bidii akatokea, mlemewa akashukuru.

Ninaposoma kisa hicho sioni uzembe wa mtunzaji. Ninaona dunia iliyochukua kitu alichojitengenezea mtu, ikakijengea ghorofa juu yake, kisha ikamgeukia kama mhudumu aliyechelewesha agizo. Anayeamua walikuwa wengi na matajiri. Anayeumia alikuwa mmoja. Na aliyetuokoa alikuwa mtu aliyeumia mwenyewe kwa nusu sekunde na kukataa kuizoea.

Kuna wanaoniuliza kama yote haya bado yana maana, ikiwa mashine za akili bandia zinaandika programu kama yangu kwa dakika moja. Ninazitumia na zinanisaidia. Juzi niliomba mojawapo iniandikie mpanga picha kuanzia mwanzo, ili nilinganishe. Msimbo wake ulikuwa safi kuliko wangu. Nikaenda moja kwa moja kwenye sehemu ninayoijua: picha isiyo na tarehe inafanywaje? Ilikuwa imeamua kutumia tarehe ya faili, yaani siku faili lilipoandikwa kwenye diski. Ni jibu ambalo waandishi wengi wangelitoa, na mashine imejifunza kwao. Kwenye kompyuta yangu, tarehe hiyo ni siku niliyonakili picha. Babu angeonekana amekaa kwenye kiti chake, ameshika mkongojo, miaka miwili baada ya kuzikwa.

Ile folda ya 1970 niliigundua kwa sababu ilikuwa ya ajabu. Kosa hili lingekaa kimya milele, kwa sababu linafanana na ukweli. Niliiambia mashine irekebishe na ikarekebisha vizuri sana, kwa sekunde chache. Lakini niliweza kuiambia kwa sababu miaka kumi iliyopita nilikuwa nimekaa na mama tukihesabu meno ya watoto. Atakayeanza leo, akapokea jibu safi la kwanza na kuridhika, atalijua lini?

Mwaka jana mpwa wangu aliniomba programu ile. Nilimpa faili lenyewe, bila maelezo, nikamwambia ni lake sasa na asinirudie akiomba nyongeza. Baada ya wiki mbili alikuja kunionyesha. Alikuwa amefuta sehemu yote ya tarehe, ile niliyoihangaikia kwa miaka.

"Mjomba, mimi sitafuti picha kwa tarehe," aliniambia. "Natafuta kwa mtu."

Alikuwa na folda moja kwa kila mtu wa familia, na majina yote aliyaandika kwa mkono wake. Nikafungua ya babu. Mlikuwa na zile picha nne ninazozijua, na ya tano ambayo sikuwahi kuiona: babu amesimama mlangoni, bila mkongojo, anacheka na mtu aliye nje ya picha. Ilitoka kwenye simu ya zamani ya shangazi ya mpwa wangu. Haina tarehe. Nimeinakili na iko kwenye folda ya "haijulikani", inamsubiri mama.